Wakulima Waliovishwa Chuma: Kuusoma Uasi wa 1381 Katika Picha za Vitabu vya Mkono

Katika Maktaba ya Uingereza, jijini London, kuna kitabu kikubwa cha mkono kinachotambulika kwa alama ya Royal 18 E I. Kwenye karatasi yake ya 165, upande wa nyuma, imechorwa picha ambayo huenda msomaji ameshakutana nayo, kwa sababu karibu kila anayeandika juu ya uasi wa wakulima wa Uingereza wa mwaka 1381 huiazima. Padri amepanda farasi na anahutubia. Mbele yake wamesimama watu wengi kwa safu, wamevaa deraya na kofia za chuma, na juu ya vichwa vyao zinaonekana bendera ya msalaba mwekundu wa Mtakatifu George na bendera yenye nembo ya mfalme wa Uingereza mwenyewe. Ili mtazamaji asipotee, majina ya wakuu wawili yameandikwa humo humo pichani kwa Kifaransa: padri ni “Jehan Balle”, yaani John Ball, na mmoja wa waliosimama mbele ya kundi ni “Waultre le Tieullier”, yaani Walter mwezeka vigae, ambaye Waingereza humwita Wat Tyler.

Asiyejua habari yenyewe ataapa kwamba hili ni jeshi la mfalme linalopewa baraka kabla ya kwenda vitani. Wakulima wako wapi? Hakuna hata mmoja anayeonekana ametoka shambani. Jibu la haraka, nalo hurudiwa sana, ni kwamba mchoraji alikuwa mbali na tukio na hakujua alichokuwa akikichora. Kuna ukweli ndani yake, lakini ni jibu la kivivu, maana linatuacha tukiamini kwamba picha ni makosa tu ya kusahihishwa. Ukiitazama kwa subira utaona kwamba mavazi yale ya chuma yana sababu zake, na kwamba katika jambo moja mchoraji alikaribia ukweli kuliko wengi walioandika kwa kalamu.

Tuanze na tukio lenyewe. Tauni iliyoingia Uingereza mwaka 1348 iliua sehemu kubwa mno ya watu, na walionusurika wakajikuta na thamani wasiyokuwa nayo zamani, kwa kuwa mashamba yalikuwa yale yale ilhali mikono ya kuyalima imepungua. Makabaila na Bunge walijibu kwa sheria. Amri ya 1349 na Sheria ya Vibarua ya 1351 zilikataza ujira kupanda juu ya viwango vya kabla ya tauni, na zikamlazimisha asiye na bwana kukubali kazi aliyopewa. Wakati huo huo sehemu kubwa ya wakulima bado walikuwa wamefungwa kisheria kwenye ardhi ya kabaila: hawakuweza kuhama, kuoza binti wala kurithi bila kumlipa, na walimlimia siku kadhaa bila ujira. Juu ya hayo vita na Ufaransa vilikuwa vinakula fedha na kuleta aibu badala ya ushindi.

Ndipo ikaja kodi ya kichwa, jina ambalo halihitaji ufafanuzi kwa msomaji ambaye babu yake alilipa kodi ya jina hilo hilo chini ya wakoloni. Ya kwanza, mwaka 1377, ilikuwa peni 4 kwa kila mtu aliyepita umri wa miaka 14. Ya tatu, iliyopitishwa na Bunge mjini Northampton mwishoni mwa 1380, ilikuwa peni 12, na hesabu yake ilitakiwa itimie kwa kila kijiji kulingana na idadi ya watu wake, hivi kwamba mahali pasipokuwa na tajiri wa kuwabebea wenzake, maskini alilipa sawa na jirani yake mwenye mali. Watu wakajibu kwa njia ya kimya: walijificha wasihesabiwe. Mwaka 1377 waliolipa walizidi 1,350,000. Mwaka 1381 daftari zilionyesha karibu 900,000. Serikali ilielewa kwamba theluthi moja ya walipakodi haikufa kwa miaka minne, ikatuma maofisa kwenda kuwatafuta. Mwishoni mwa Mei 1381, mjini Brentwood katika jimbo la Essex, wanakijiji wa Fobbing na wenzao waliwafukuza maofisa hao, na moto ukawaka.

Uliwaka kwa kasi. Tarehe 10 Juni waasi wa Kent walikuwa Canterbury. Tarehe 12 walikuwa wamepiga kambi Blackheath, nje kidogo ya London. Tarehe 13 waliingia jijini na kuchoma Savoy, kasri la John wa Gaunt, ami yake mfalme. Siku iliyofuata Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, alikutana na watu wa Essex pale Mile End, akawakubalia mwisho wa utwana, yaani kule kufungwa kwenye ardhi ya kabaila, na kodi ya kupanga ardhi isiyozidi peni 4 kwa ekari, na makarani wakaanza kuandika hati za uhuru. Siku hiyo hiyo kundi jingine liliingia ndani ya Mnara wa London, likawatoa Simon Sudbury, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyekuwa pia Chansela, na Robert Hales, Mweka Hazina, likawakata vichwa. Wafanyabiashara na mafundi wengi waliotoka Flanders (sehemu ya Ubelgiji ya leo) waliuawa mitaani, jambo ambalo hatupaswi kulipita haraka kwa sababu ya kuwahurumia waasi. Tarehe 15 Juni, pale Smithfield, Wat Tyler alizungumza na mfalme ana kwa ana, akachomwa upanga na William Walworth, Meya wa London, na baada ya hapo mambo yakageuka.

Kitabu chetu kilitengenezwa miaka mia moja baadaye, tena katika nchi nyingine na kwa lugha nyingine. Maneno yake ni ya Jean Froissart, mzaliwa wa Valenciennes, ambaye aliwahi kuishi katika jumba la Malkia Philippa wa Uingereza lakini mwaka 1381 alikuwa ng'ambo ya bahari, akasimulia uasi kwa habari alizozikusanya kwa wengine. Historia yake ni ya mashujaa wa farasi, mazingiwa ya miji na heshima za vita, na watu wa kawaida huingia humo pale tu wanapovuruga mambo. Nakala hii ilipambwa mjini Bruges, huko Flanders, mnamo miaka ya mwanzo ya 1480, na inahusishwa na William Hastings, kabaila mkubwa na rafiki wa karibu wa Mfalme Edward wa Nne. Uhusiano wa Hastings na Bruges una historia: yeye na mfalme wake walipokimbilia ng'ambo ya bahari mwaka 1470 walipokewa na Louis wa Gruuthuse, tajiri wa Bruges aliyependa vitabu kiasi cha kujitengenezea Froissart yake mwenyewe katika majuzuu manne, ambayo leo yako katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa.

Kwa hiyo kati ya sauti ya John Ball na picha yake kuna pazia kadhaa: waliomsimulia Froissart, Froissart mwenyewe, wanakili waliorudia kazi yake kwa karne nzima, mnakili wa Bruges aliyeacha nafasi wazi katikati ya maneno, mchoraji aliyeijaza nafasi hiyo, na mlipaji ambaye asingependa kitabu cha gharama namna ile kionekane duni. Mara nyingi mchoraji hakuhitaji kusoma sura nzima. Alitazama kichwa cha habari kilichoandikwa kwa wino mwekundu, akaelekezwa na mkuu wa karakana, kisha akachukua katika akiba yake ya mifano ile iliyokaribia: jeshi limesimama, mfalme anapokea wageni, mji umezingirwa. Kitabu cha Froissart kimejaa majeshi, na karakana iliyoyachora majeshi hayo kwa makumi haikuona tabu kuchora moja zaidi.

Maelezo haya ya karakana ni ya kweli lakini hayatoshi, kwa sababu wachoraji wa Flanders walijua vizuri sana kumchora mkulima. Vitabu vya sala walivyowauzia matajiri vilianza na kalenda, na kila mwezi ulikuwa na kazi yake: kuvuna ngano, kupura, kukamua zabibu, kuchinja nguruwe kabla ya majira ya baridi. Humo mkulima yumo na kanzu yake fupi, soksi zimemshuka, mundu mkononi. Mkulima huyo wa kalenda ana sharti moja: anafanya kazi, na yuko mahali pake. Akiondoka shambani na kuandamana kwenda kwa mfalme, anaondoka pia katika ile namna ya kumchora mkulima, na mchoraji hana vazi jingine la kumpa mtu aliyeshika silaha isipokuwa vazi la askari.

Hapo ndipo picha ya John Ball inapogongana na maneno yaliyoandikwa jirani nayo. Kwanza Froissart hamsemi Ball akiwa juu ya farasi mbele ya jeshi. Anasema kwamba siku za Jumapili, watu walipotoka kusali misa, padri huyo aliwakusanya kwenye uwanja wa kanisa akawahubiria, na kwamba Askofu Mkuu alimtia gerezani zaidi ya mara moja kwa ajili hiyo. Pili, na hili ndilo linalonivutia zaidi, hotuba ambayo Froissart anaiweka kinywani mwake ni hotuba kuhusu nguo. Sote, anasema Ball, tumetoka kwa baba mmoja na mama mmoja, Adamu na Hawa. Basi kwa nini wao wavae mahameli na manyoya, na sisi tuvae vitambaa duni? Wao wana divai, viungo na mkate mzuri. Sisi tuna mkate duni, tunakunywa maji. Wao wana majumba. Sisi tuna taabu, mvua na upepo wa mashambani. Mambo ya Uingereza, anamalizia, hayatakwenda vyema mpaka mali zote ziwe za wote, na pasiwe na mtwana wala bwana. Ni mahubiri yale yale ambayo mtawa Thomas Walsingham wa St Albans aliyafupisha kwa beti iliyokuja kujulikana kote: Adamu alipolima na Hawa akasokota uzi, ni nani aliyekuwa bwana?

Soma hotuba hiyo kisha inua macho uitazame picha. Tofauti ya mavazi ambayo msemaji anaishitaki imefutwa kabisa. Wale wasiokuwa na kitu ila vitambaa duni wamepewa chuma cha bei ambayo baadhi ya mabwana wadogo wasingeimudu. Sidhani mchoraji alikusudia utani, lakini matokeo yake ni kwamba kabaila aliyefungua kitabu hiki aliweza kuutazama uasi bila kuuona umaskini uliouzaa. Mbele yake lilikuwa jeshi, na jeshi ni kitu ambacho kabaila anakielewa: lina mkuu, lina bendera, linaweza kushindwa.

Hata hivyo bendera zile si uzushi. Masimulizi yanayoaminika zaidi juu ya siku za London, yaliyohifadhiwa katika kitabu cha abasia ya Mtakatifu Maria mjini York na ambayo yanaonekana kutoka kwa mtu aliyekuwepo, yanasema waasi walikuwa na bendera za Mtakatifu George na vijibendera vingi. Yanasema pia walikuwa na neno la kutambuana: ulipoulizwa uko upande wa nani, ulitakiwa kujibu kwamba uko upande wa Mfalme Richard na wananchi waaminifu. Waasi hawa hawakujiona wanampinga mfalme. Walijiona wanamwokoa kutoka kwa wasaliti waliomzunguka, na ndiyo sababu Sudbury na Hales waliuawa ilhali kijana mwenyewe aliweza kupita katikati ya maelfu bila kuguswa. Nembo ya mfalme juu ya vichwa vya waasi, ambayo kwa jicho la leo inaonekana kosa la wazi, inaeleza fikra zao vizuri kuliko kurasa nyingi.

Silaha nazo si za kubuni zote. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 ilimtaka kila mwanamume mwenye umri kati ya miaka 15 na 60 awe na silaha kulingana na mali yake, na watu wa Kent na Essex, wanaoishi karibu na bahari, walizoea kuitwa kulinda pwani dhidi ya Wafaransa. Kumbukumbu za mahakama zilizofuata uasi zinaonyesha kwamba wengi wa viongozi walikuwa watu wenye nafasi vijijini mwao: wasimamizi wa mashamba, makonstebo, wazee wa baraza la hukumu, pamoja na mafundi wa kila aina. Hawa walijua kuhesabu watu, kupeleka ujumbe kijiji kwa kijiji na kupanga safari. Walsingham anasema wengi walibeba fimbo, panga zenye kutu na mashoka, na bila shaka ni kweli kwa wengi. Lakini watu waliotoka majimbo mawili na kufika London kwa siku zinazokaribiana si kundi lililokurupuka.

Mchoraji wa Bruges alikuwa na sababu ya kulielewa hilo. Mjini kwake, watu wa kawaida walipoasi, waliasi kwa vyama vyao vya mafundi, na vyama hivyo vilikuwa na bendera, deraya na makamanda. Mwaka 1302 wanamgambo wa miji ya Flanders waliwashinda wapanda farasi wa Ufaransa pale Courtrai. Mwaka 1382, mwaka mmoja tu baada ya Tyler, watu wa Ghent na wenzao walishindwa pale Roosebeke, na Froissart anasimulia vita hivyo katika sehemu ile ile ya historia yake anamosimulia uasi wa Uingereza. Bruges yenyewe iliasi mwaka 1436. Kwake, mtu wa chini mwenye kofia ya chuma hakuwa kichekesho.

Linganisha sasa na walioshika kalamu. Mshairi John Gower, katika utenzi wake wa Kilatini juu ya uasi huo, aliwageuza waasi kuwa wanyama: punda waliokataa mzigo, ng'ombe waliokataa jembe, mbwa, nguruwe. Walsingham naye hakuishiwa na maneno ya kuwadhalilisha. Kwao kundi halina sura wala akili, ni kelele tu. Picha ya Royal 18 E I, iliyolipiwa na tabaka lile lile, inawapa waasi sura za watu, safu zilizonyooka, masikio yanayosikiliza na majina mawili yaliyoandikwa wazi. Mchoraji aliwanyima umaskini wao, lakini hakuwanyima mpango.

Picha ya pili inayojulikana zaidi, kwenye karatasi ya 175 ya kitabu hicho hicho, ni ya Smithfield, na inahitaji kusomwa kwa kanuni yake. Upande wa kushoto Walworth anampiga Tyler mfalme akitazama. Upande wa kulia mfalme yule yule, mara ya pili ndani ya fremu moja, amekwisha ligeukia kundi la waasi na anazungumza nalo. Huu haukuwa uzembe, maana wachoraji wa zama hizo waliweka matukio yanayofuatana katika picha moja na kumwachia mtazamaji kazi ya kuyapanga. Faida ya mpangilio huu kwa upande wa mfalme ni kubwa. Kati ya upanga na hotuba hakuna nafasi, na jicho linatoka kwenye kifo na kutua moja kwa moja kwenye utulivu. Yaliyosemwa kabla ya upanga yametoweka. Masimulizi ya York yanatueleza kwamba Tyler aliushika mkono wa mfalme na kuutikisa kwa nguvu, akamwita ndugu, akataka pasiwe na ubwana wowote ila wa mfalme, mali ya kanisa igawanywe, na pasiwe na utwana tena. Kisha kwa sababu ya joto akaitisha maji, akasukutua kinywa mbele ya mfalme, akaagiza pombe. Kwa watu wa baraza la mfalme, kusukutua huko pengine kuliudhi sawasawa na madai yenyewe.

Wala picha haituonyeshi yaliyofuata. Hati za uhuru zilibatilishwa tarehe 2 Julai. John Ball alinyongwa St Albans tarehe 15 Julai, mwili wake ukakatwa vipande vinne. Walsingham anasimulia kwamba wajumbe wa Essex walipomwendea mfalme kudai ahadi zao, aliwajibu kwamba washamba walikuwa, na washamba wataendelea kuwa. Ufaransa mambo yalikuwa ya wazi zaidi, hata katika uchoraji: katika Froissart ya Gruuthuse, uasi wa wakulima wa mwaka 1358, uliojulikana kwa jina la Jacquerie, umechorwa kwa mauaji ya mjini Meaux, wapanda farasi wakitoka na kuwachinja waasi huku miili ikiangukia mtoni. Mchoraji, anayetajwa kuwa Loyset Liédet, hakuona haja ya kuonyesha mahubiri ya mtu yeyote.

Hastings mwenyewe hakukaa na kitabu chake muda mrefu. Tarehe 13 Juni 1483, siku ile ile ya mwaka ambayo waasi waliingia London, alikatwa kichwa ndani ya Mnara wa London bila hukumu ya mahakama. Aliyeamuru hakuwa mkulima bali Richard, Duki wa Gloucester, ambaye wiki chache baadaye alikuwa mfalme.

Kuna kitendo kimoja cha 1381 ambacho hakimo katika picha hizi mbili, nacho kilirudiwa karibu kila mahali: uchomaji wa hati. Waasi walitafuta madaftari ya mabwana, kwa sababu humo ndimo ilimoandikwa nani ni mtwana, anadaiwa siku ngapi za kazi na faini gani, wakayapeleka viwanjani na kuyatia moto. Mjini Cambridge, hati za chuo kikuu zilipochomwa, mwanamke mzee aitwaye Margery Starre alitupa majivu hewani akipiga kelele kwamba elimu ya makarani iondoke. Watu hawa walijua karatasi na ngozi zimewafanya nini. Na yote tuyajuayo juu yao yametufikia kwa ngozi na karatasi za waliowashinda: masimulizi ya watawa, hukumu za mahakama, kitabu cha anasa cha Bruges.

Ila si kweli kwamba wao wenyewe hawakuandika. Zimebaki barua chache za Kiingereza, fupi, za mafumbo, zinazohusishwa na John Ball na wenzake. Moja imetoka kwa “John Mchungaji”, inawasalimu John Asiye na Jina, John Msaga Nafaka na John wa Mkokoteni, inawaonya wajihadhari na hila za mjini na kuwaambia wasimame pamoja kwa jina la Mungu. Walsingham aliinakili katika kitabu chake kama ushahidi wa uovu, na ndiyo sababu tunayo. Anasema ilipatikana ndani ya nguo ya mtu mmoja aliyekuwa anasubiri kunyongwa.